Kiatu kwa Dagaa

Kiatu cha kwanza kilikombolewa kwa dagaa. Ilikuwa ndala ya mtoto wetu wa mwisho, asubuhi ya shule, muda umekwisha, na mbwa wetu Jeki amejichimbia nayo nyuma ya mnara wa tangi la maji, taya zimebana. Kaka yake mtoto, kijana wa kidato cha pili mwenye akili ya haraka, alichota dagaa kwenye kopo la jikoni akawatupa pembeni. Jeki akaachia ndala, akala. Mtoto akavaa, akakimbia. Nyumba nzima tulimsifu kijana, tukaendelea na shughuli zetu.

Jeki naye aliendelea na yake. Kesho yake alichukua ndala nyingine, akaenda nayo palepale, akakaa anatazama mlango wa jikoni. Dada anayetusaidia kazi akatoka na dagaa. Zikafuata raba za kijana, viatu vya kazini vya mume wangu, kandambili za bafuni. Kila kiatu kilirudi na kila kiatu kililipiwa. Baada ya muda Jeki hakujisumbua kujificha: alikuja na kiatu mdomoni mpaka kizingiti cha jikoni, akasimama, akasubiri.

Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike aliandika habari za paka aliokuwa akiwafungia ndani ya masanduku ya mbao yenye komeo, kipande cha samaki kikiwa nje. Paka alihangaika, akakwaruza, akauma, mwishowe kwa bahati akagusa komeo. Mlango ukafunguka, akala. Aliporudishwa ndani alihangaika kwa muda mfupi zaidi, safari nyingine mfupi zaidi ya huo, hadi ikawa akishafungiwa tu anakwenda moja kwa moja kwenye komeo. Tendo lililofuatiwa na samaki lilibaki, mengine yakafifia. Kwetu Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, mambo yalikwenda hivyohivyo kwa samaki mdogo zaidi. Mbwa hasomi nia ya mtu. Sisi tulinuia kukomboa kiatu. Yeye aliona kwamba kiatu mdomoni hutangulia dagaa, na kinachotangulia chakula ndicho atakachokirudia.

Nyumba yetu ina watu wengi, na kila mtu alikuwa na biashara yake na Jeki. Mume wangu akirudi jioni alimkuta getini, mbwa akamrukia suruali, na yeye kwa furaha ya kupokewa akatoa kipande cha mshikaki alichokifungia kwenye karatasi. Jeki akajua kwamba miguu ya mbele kwenye suruali ya mtu huleta mshikaki. Dada wa kazi akipika alibwekewa mlangoni, akarusha tonge la ugali apate utulivu. Jeki akajua kubweka. Watoto mezani walimpitishia vipande chini ya meza. Mama mkwe, ambaye wajukuu wanamwita bibi na sisi sote tunamwita mama, alimwekea mabaki ya sahani yake kila alipomwona amelaza kichwa miguuni pake, na mabaki hayo yalikuwa na mchuzi wa vitunguu. Hilo la vitunguu nililisimamisha mapema, kwa sababu vitunguu maji na vitunguu swaumu huharibu damu ya mbwa hata vikipikwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo nikaipiga marufuku, maana huvunjika kwa ncha kali zinazoweza kutoboa utumbo. Lakini hayo ni ya usalama wa tumbo. La elimu lilikuwa bado, na Jeki alikuwa akisoma kwa walimu wengi kwa wakati mmoja, kila mwalimu na somo lake.

Jambo liligeuka zito siku alipopita kwenye ua wa michongoma akaingia barazani kwa jirani. Jirani yetu ni mama wa Kiislamu wa madhehebu ya Shafi, kama Waislamu wengi wa mkoa huu wa Morogoro na wa pwani. Kwao mate ya mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Jeki alitoka na kubazi la mumewe, akalileta kwetu, akasimama nalo jikoni akidai dagaa. Mama yule hakupiga kelele. Alimtuma mwanawe aulize kwa adabu kama tumeliona kubazi la baba. Nililiosha mimi mwenyewe mara saba, kwa udongo, kama inavyotakiwa, nikalipeleka kwa mikono miwili. Alilipokea, akanikaribisha chai. Ukarimu ule ulinielemea kuliko ugomvi wowote, na nilitoka pale nikijua kwamba hili si suala la viatu tena. Mbwa wetu alikuwa ameingia kwenye sala za watu.

Shemeji mmoja wa mjini alishauri fimbo. Kuna watu wengi wa maoni hayo na sitaki kuwapuuza, kwa kuwa wengi wamelelewa wakiona mbwa anafundishwa kwa fimbo na jiwe tu. Ila mbwa anayepigwa akiwa na kiatu hajifunzi kuacha viatu. Anajifunza kuvichukua wakati hakuna mtu, na kuwakimbia wenye mikono. Sisi tulimfuga Jeki alinde kuku na watoto. Mbwa anayewaogopa wenye nyumba hana nafasi ya kulinda. Akili yake yote iko kwenye kujilinda mwenyewe.

Upande wa pili wa barabara amepanga kijana anayefanya kazi APOPO, shirika lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens mwaka 1997 na ambalo tangu mwaka 2000 liko katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hapahapa Morogoro. Wanafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini, na kunusa kifua kikuu kwenye makohozi ya wagonjwa. Mmoja wao, Magawa, alifunzwa hapa kwetu, akapelekwa kufanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likampa medali ya dhahabu; hakuna panya aliyewahi kuipata kabla yake. Mafunzo ya panya mmoja huchukua takribani miezi tisa, na mshahara wake tangu siku ya kwanza ni chakula. Niliwaza: mtu anayeweza kumfundisha panya kutafuta bomu kwa kipande cha ndizi, mbwa wa kienyeji atamshinda vipi?

Alikuja jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Nina mbwa mwizi wa viatu."

Kabla hajakaa, Jeki alishafika na raba moja, akasimama mbele yangu.

"Huyu si mwizi, mama," kijana akasema. "Huyu anafanya kazi aliyofundishwa, tena anaifanya vizuri sana. Sasa tujue nani anamlipa."

Tulitazamana pale barazani, watu wazima na watoto, na hakuna aliyejitokeza, kwa kuwa wote walikuwa wamelipa.

Alitueleza jinsi wanavyofanya. Panya mchanga kwanza huzoeshwa sauti ya kidude kidogo cha kubonya: sauti, chakula, sauti, chakula, mpaka sauti yenyewe inakuwa habari njema. Baadaye akinusa harufu anayotakiwa kuinusa, kidude kinalia papo hapo, kisha ndizi inafuata. "Sauti ndiyo inayomwambia ni kipi hasa alichokifanya vizuri," alisema. "Chakula kinaweza kuchelewa kidogo kikiwa njiani. Sauti haichelewi. Ikichelewa, umelipia kitu kingine." Akatupa mfano wa hapohapo: mbwa ameketi, wewe unapekua mfuko wa kanga kutafuta chakula, yeye anainuka na kukurukia, na ndipo unampa. Umesema "keti" kwa mdomo. Kwa chakula umesema "nirukie". Atakiamini chakula.

Njia hii si ngeni. B. F. Skinner, Mmarekani mwingine, aliieleza mwaka 1951 katika jarida la Scientific American, akiwaandikia watu wa kawaida waliotaka kuwafundisha wanyama nyumbani, na akapendekeza kidude cha watoto cha kutoa sauti. Sisi hatukuwa na kidude. Tulikubaliana neno moja, "Safi!", fupi, litamkwe kwa namna ileile na kila mtu, na mtu akishalisema lazima alipe, hata kama limemtoka kimakosa. Bila malipo, neno hufa.

Halafu akatoa maagizo mengine. Viatu vipandishwe juu, kwenye rafu, mbwa asivione kabisa; hakuna sababu ya kumpa mtihani kila dakika. Kiatu kikiletwa kisilipwe tena, na mtu yeyote. Na afundishwe kazi nyingine ya mlangoni isiyowezekana kufanyika huku anatafuta viatu: kulala juu ya gunia lililokunjwa, kando ya mlango wa jikoni, mgeni anapoingia. "Ila mjiandae," akaongeza. "Mkiacha kulipa, hatapunguza. Kwanza atazidisha. Ataleta vingi, atabweka, atabuni mambo mapya ambayo hamjawahi kuyaona. Mkivumilia kipindi hicho, kinapita. Mkilegea katikati, mmemfundisha kwamba akizidisha ndiyo analipwa."

Mama mkwe alisikiliza, mikono imefumbatwa. Swali lake lilikuwa la haki, na ndilo ninalolisikia kwa watu wengi: "Mwanangu, watoto wa watu wanakosa dagaa, sisi tumpe mbwa kwa kulala kwenye gunia?" Kijana alimjibu kwa heshima kwamba hakuna dagaa wa kuongeza. Chakula cha mafunzo kinatoka kwenye chakula chake cha siku. Jeki anakula ugali wa dona uliochanganywa na mapupu au dagaa, asubuhi na jioni. Badala ya kumwagiwa bakuli zima bila kufanya lolote, sehemu inatengwa, inakatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mbaazi, anaipata kwa kazi. Punje ya mbaazi inatosha; mbwa anahesabu mara alizopewa zaidi ya uzito wa kipande, na kipande kikubwa kinamchukua muda kutafuna mpaka anasahau alikuwa anajifunza nini. Vitu vya nje ya mlo wake, wataalamu wa mifugo husema visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku, la sivyo ananenepa na mlo wake unapoteza uwiano. Mama aliikubali hesabu hiyo. Kuhusu kutomlipa mbwa anayemtazama machoni, hakusema kitu.

Tulianza. Mapupu yalichemshwa bila chumvi, yakakatwa, yakaanikwa juu ya ungo mpaka yakawa makavu, yasiyochafua mfuko. Tukagundua madaraja ya vyakula: ugali mkavu unatosha kwa kazi nyepesi uani pasipo na vishawishi; getini, bodaboda zinapopita na kuku wa jirani wanatembea, ugali haumshughulishi, panahitajika mapupu. Ni busara kumlipa kwa kadiri ya ugumu. Gunia lilikuwa jepesi kuliko tulivyodhani. Siku za mwanzo kijana wetu alimwongoza kwa kipande mkononi mpaka miguu yote minne ikakanyaga gunia, "Safi!", kipande. Muda mfupi baadaye mkono ukafanya ishara ileile ukiwa mtupu, na kipande kikatoka mfukoni baada ya kazi. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayotenganisha malipo na hongo. Ukionyesha chakula kwanza kila mara, mbwa hujifunza kukagua mkono: kipo, nafanya, hakipo, kwaheri. Chakula kinatakiwa kitokee baada ya tendo, kutoka mahali asipopaona.

Viatu navyo vikafanya kama tulivyoonywa. Jeki alivuta hata vilivyokuwa kwenye rafu ya chini. Alileta kimoja, akakiweka, akaenda kuleta cha pili. Tukavumilia, tukageuza nyuso. Siku zikaenda na nikashangaa mbona hapungui. Siri niliiona alfajiri moja nilipoamka mapema: mama yuko kibarazani na uji wake, Jeki mbele yake na kandambili, na mkono wa mama unatoka chini ya kanga na dagaa. Hakuwa akimpa kila siku. Alikuwa akimpa siku moja moja, roho ilipomshinda.

Mwaka 1957 Charles Ferster na Skinner walichapisha kitabu kinene cha majaribio, mengi yakiwa ya njiwa, kuhusu jambo hilohilo: tendo linalolipwa mara moja moja, bila mnyama kujua ni lini, hushika kuliko linalolipwa kila mara. Mashine za kamari za mitaani zinaishi kwa kanuni hiyo. Mtu anatumbukiza sarafu mchana kutwa kwa sababu jana ilitema. Mwalimu mzuri huitumia kwa kazi nzuri ikishakomaa: hulipa safari hii, huruka mbili, hulipa tena, na mbwa hudumu katika kazi bila kudai kila mara. Mama alikuwa ameitumia, kwa mapenzi matupu, kwenye kazi tuliyotaka ife. Nilimwambia kwa upole, yeye na mimi tu. Alisema, "Ananitazama, mwanangu." Nilimwelewa. Nampenda mbwa yule pia, na macho yake nayajua.

Posa ya wifi yangu ilitukuta katikati ya hayo.

Walikuja Jumamosi mchana: mshenga, mzee wa heshima mwenye kofia ya kufuma, na akina mama wawili wa upande wa mwoaji. Kwetu alikuwepo mjomba, kaka yake mama mkwe, kwa kuwa sisi ni Waluguru, ukoo hufuata upande wa mama, na neno la mjomba kuhusu binti lina uzito wake. Wageni walivua viatu barazani kama ilivyo desturi. Jeki alikuwa bandani. Akalia. Mama, aliyekuwa akipita na vitambaa vya meza, akamfungulia mlango ili asiwatie aibu wageni kwa kelele, akaingia ndani kukaa kwenye nafasi yake.

Barua ya posa iliwekwa juu ya meza ndogo, kwenye sinia, imefungwa katika kitambaa cheupe pamoja na fedha ya kufungulia mdomo. Mshenga akaanza maneno yake kwa utaratibu. Mlango wa sebule ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, na Jeki akaingia na kubazi la ngozi la mshenga, akapita katikati ya mkeka, akaliweka miguuni pa mama.

Hakuna aliyecheka. Mama alitazama dari. Jeki akasubiri, akatoka, akarudi na la pili. Kimya. Akatoka, akaleta kiatu cha mama mmoja wa wageni, chenye kisigino, akakipanga juu ya makubazi. Mshenga aliendelea kuzungumza. Sauti yake ilikuwa thabiti na namheshimu kwa hilo mpaka leo. Kilipofika kiatu cha nne na mkono wa mama bado uko ndani ya kanga, Jeki alifanya alichotabiriwa: akabuni. Alitazama huku na huku, akaona kitambaa cheupe, akanyakua barua na fedha yake, akatoka mbio kwenda nyuma ya mnara wa tangi.

Watu wote walisimama. Mume wangu akawa tayari kumkimbilia, nikamshika mkono, kwa sababu mbwa anayekimbizwa hupata mchezo, na mchezo nao ni malipo. Mjomba akasema apewe nyama haraka aachie. Nyama ilikuwepo, sufuria zima la pilau la wageni. Nilijua kwamba kipande kimoja cha nyama ile, kikitupwa pale tangini, kingeipandisha bei barua kuliko kiatu chochote, na kila karatasi itakayoingia nyumba hii baadaye ingekuwa halali yake. Nikaenda mlango wa jikoni, mikono mitupu, mahali gunia lilipo, nikasema kwa sauti ya kila siku: "Jeki, guniani."

Alichungulia. Akasita. Kisha akaja, kitambaa mdomoni, akapanda juu ya gunia, akalala.

Nilisubiri. Taya zilipolegea na kitambaa kikadondoka mbele ya miguu yake, nikasema "Safi!", nikamlipa mapupu kutoka kwenye kopo la dirishani, kipande baada ya kipande, huku kijana wetu akiondoa barua taratibu. Fedha ilikuwa kamili. Barua ilikuwa na matundu ya meno pembeni na ilisomeka yote.

Mshenga aliipokea, akaikunjua, akaishika juu ili mjomba aione. "Barua imefika," akasema. "Tena imepokelewa na wenye nyumba wote." Hapo ndipo kicheko kilipopasuka, na wifi yangu, aliyekuwa amejifungia chumbani akilia, akasikika akicheka pia. Mshenga akadai faini, mjomba akaona dai ni la haki, na jogoo mmoja akafungwa miguu kwa ajili ya safari ya wageni.

Jioni yake kijana wa panya alinipongeza, kisha akanionya jambo ambalo peke yangu nisingelifikiria. Mnyama anaunganisha matendo. Jeki angeweza kujifunza mlolongo mzima: nyakua kitu, itwa, nenda guniani, lipwa. Kwa hiyo siku zilizofuata tulimwita guniani mara nyingi mno akiwa hana kitu mdomoni, tukamlipa vizuri kwa hilo. Na somo la "achia" tukalifundisha kando kabisa, kwa kamba yake kuukuu ya kuchezea, tukibadilishana naye kamba kwa kipande na kumrudishia kamba, ajue kwamba kuachia si kunyang'anywa. Mbwa anayejua hivyo hana haja ya kukimbia na kitu.

Na mama? Sikumwomba aache kumpa, maana asingeweza, na sioni kwa nini bibi anyimwe furaha ya kumlisha mbwa anayempenda. Tulimhamishia kazi. Gunia la pili liliwekwa karibu na kiti chake cha kibarazani, na yeye akawa mlipaji mkuu wa gunia hilo: Jeki akilala juu yake hana kiatu, bibi anasema neno na kutoa. Wakati wa uji wake wa alfajiri ndio ukawa darasa bora la siku, kwa sababu pametulia na mbwa ana njaa ya kiasi. Viatu vilipungua, vikarudi kwa kishindo siku chache, vikapungua tena, vikaisha. Kwa jirani nilimpeleka kijana wetu na Jeki akiwa kwenye kamba, mpaka ukingo wa ua tu, tukifanya mazoezi ya kupita mbele ya baraza lile bila kugeuza kichwa, kwa mapupu, hadi mama yule mwenyewe akaanza kutuhesabia hatua kutoka kwenye kiti chake.

Wageni wa posa walipokuja kuleta mahari, mshenga alivua makubazi yake barazani, akayatazama, akamtazama Jeki. Jeki alikuwa amelala juu ya gunia. Alinyanyua kichwa akina mama walipopita, mama akasema "Safi!" kutoka kwenye kiti chake, akampa, na kichwa kikarudi chini. Mazungumzo ya mahari yalikuwa marefu na hayahusiani na habari hii.

Baada ya chakula mshenga alitoka nje, akasogeza kigoda karibu na mama. Nyumbani kwake Kilosa ana mbwa, alisema, dume kubwa, ambaye akiitwa anakwenda upande mwingine. Anapigiwa kelele, anafuatwa, akikamatwa anachapwa.

"Akija kwako anachapwa?" mama akauliza.

"Kwa kuchelewa."

"Na wewe ungekuja?"

Mzee alinyamaza. Mama akatoa kopo, akammiminia mapupu makavu kiganjani, akamwelekeza ayafiche mfukoni, mkono ubaki mtupu, aite jina mara moja tu kwa sauti nzuri, na mbwa akigeuka tu, kabla hata hajafika, aseme neno. Kisha akamwambia Jeki aende getini kwa kijana wetu, na mshenga amwite.

"Jeki!"

Jeki aligeuka, akaja mbio, akafika, akasimama, akaanza kunusa mfuko wa kanzu.

"Safi," akasema mshenga.

"Umechelewa, baba," mama akamwambia. "Rudia."